Kumwachia Mtu Dini Yake na Kuishiriki: Habari za Sultani Ibrahim wa Bijapur

Kuna suala ambalo kila mara hurejea katika vikao vya ilimu, na kila linaporejea huwagawanya watu makundi mawili. Nalo ni hili: Muislamu aliyepewa nguvu juu ya watu wasiokuwa wa dini yake, akawaacha waabudu kama waabuduvyo, akawalinda, akawapa kazi na vyeo, je, mtu huyo ameitumikia dini yake au ameipuuza? Kundi moja husema kuwa huo ni ulegevu wa imani uliovishwa kanzu ya upole. Kundi la pili husema kuwa dini zote ni njia za kwendea pahali pamoja, basi hapana haja ya kuuliza. Sisi hatukubaliani na hili wala na lile, na tumeona kuwa iliyo bora si kuleta hoja tupu, bali ni kuleta habari za mtu mmoja aliyeyatenda mambo yote mawili, la haki na la kuchanganya, mpaka hivi leo watu hawajui wamsifu au wamlaumu.

Mtu huyo ni Ibrahim Adil Shah wa Pili, sultani wa Bijapur katika Bara Hindi ya kusini, nchi iitwayo Deccan. Mji wake siku hizi waitwa Vijayapura, nao umo katika jimbo la Karnataka. Alitawala tangu mwaka 1580 mpaka alipofariki mwaka 1627.

Wengi katika sisi habari hizi hatukuzisoma chuoni. Tarehe tuliyofundishwa ni ya Makka na Madina, na ya Baghdad na Andalusi. Ama Bara Hindi, juu ya kuwa vyombo vyake vimekuwa vikitia nanga katika bandari zetu kwa karne nyingi, tumeiacha ikawa kwetu ni nchi ya vitambaa na mchele, kana kwamba Waislamu wake hawakuwa na maulamaa wala mitihani. Kwa hiyo itatubidi tueleze kidogo.

Ufalme wa Bijapur ulisimamishwa na Yusuf Adil Khan mwishoni mwa karne ya 15, ulipokuwa ufalme wa Bahmani ukivunjika vipande vipande. Yusuf aliufanya Ushia kuwa madhehebu ya dola. Akaja mjukuu wake, Ibrahim wa Kwanza, akaurejeza Usunni, na kwa ajili hiyo akawatoa kazini wengi katika wageni wa Ajemi waliokuwa wakiitumikia nchi. Akaja mwana wa huyo, Ali wa Kwanza, akaurejeza Ushia. Ali akauawa mwaka 1580 bila kuacha mwana, na ufalme ukamwangukia mwana wa nduguye, naye ndiye huyu Ibrahim wa Pili, mtoto wa kiasi cha miaka 9. Alilelewa na mjane wa ami yake, Chand Bibi, yule mwanamke shujaa ambaye baadaye aliulinda mji wa Ahmadnagar mbele ya majeshi ya Akbar. Mawaziri nao waligombania hukumu juu ya kichwa cha mtoto, kama ilivyo ada ya mawaziri, mpaka ikamshinda nguvu kila mmoja Dilawar Khan, mtu wa asili ya Uhabeshi. Tumtajie msomaji kuwa siku zile watu wa Afrika waliopelekwa Deccan hali ya utumwa walikuwa wakipanda daraja hata kuwa makamanda na mawaziri, na yule Malik Ambar wa Ahmadnagar ambaye jina lake tutalitaja tena mbele alikuwa mmoja wao. Katika siku za Dilawar Khan Usunni ulirudi kuwa madhehebu ya dola, na fikihi ikawa ni ya Imamu Abu Hanifa.

Mnamo mwaka 1590 Ibrahim alimwondoa Dilawar Khan akashika hukumu kwa mkono wake. Hapo ndipo watu walipotazamia yatokee yale yaliyozoeleka, yaani kundi moja kufukuzwa na jingine kuingia. Hayakutokea. Sultani alikuwa Sunni, na Mashia wakabaki katika baraza yake, washairi na waandishi na watu wa hesabu. Mtungaji mkubwa wa Kiajemi wa wakati ule, Zuhuri, aliishi katika mji wake, na Muhammad Qasim Firishta aliiandika kwa amri yake ile tarehe kubwa ya Waislamu wa Bara Hindi ambayo wanavyuoni waitegemea hata leo. Mtu aliyeona babu na ami wakiugeuza msikiti kama mtu ageuzavyo mkeka, kisha yeye mwenyewe asifanye, ametenda jambo ambalo hatuwezi kulipita mbio mbio.

Lakini shida ya kweli si ya Mashia na Masunni, kwani hao wote kibla chao ni kimoja. Shida ni ya Wahindu, ambao sisi watu wa pwani tumezoea kuwaita Mabaniani. Hao ndio waliokuwa wengi katika nchi ya Bijapur. Ndio waliokuwa wakulima, na ndio waliokuwa askari wengi wa farasi, na daftari za kodi zilikuwa mikononi mwa makarani wao tangu zama za babu yake. Sultani mwenyewe, walivyoeleza waliomwona, lugha ya Kimarathi ilimjia ulimini kwa wepesi kuliko Kiajemi. Mjumbe wa Akbar, Asad Beg, aliyefika Bijapur mwaka 1604, aliona hayo, na katika vitu alivyorudi navyo kwa bwana wake ilikuwamo tumbaku, ambayo kwa Akbar ilikuwa ni kitu kigeni. Kwa zawadi hiyo sisi hatuwashukuru.

Hapa pana kisa ambacho twaona ndicho kiini cha jambo, nacho kilianza kabla ya Ibrahim kuzaliwa. Bandari ya Goa ilikuwa ni mali ya Bijapur mpaka Wareno walipoinyang'anya mwaka 1510. Walipokwisha kujikita, walianza kuyavunja mahekalu ya Wahindu, kwanza katika visiwa vya Goa mnamo mwaka 1540, kisha katika wilaya za Bardez na Salcete, na mwaka 1560 wakasimamisha pale mahakama yao ya kuwachunguza watu imani zao, mahakama ambayo ilitesa na kuchoma. Wahindu wa kijiji cha Cortalim walikuwa na hekalu la mungu wao wamwitaye Mangesh. Walipoona zamu yao yakaribia, walilichukua lile jiwe lao la ibada wakavuka nalo mto Zuari, wakaliweka Priol katika nchi ya Ponda. Na Ponda ilikuwa katika milki ya nani? Ilikuwa ni milki ya sultani wa Bijapur. Mwaka 1566 wengine wakafanya vivyo hivyo, wakamchukua mungu wao wa kike, Shantadurga, mpaka Kavale, katika nchi ile ile. Wakati huo aliyekuwa akitawala ni Ali, ami yake Ibrahim. Ibrahim aliwarithi watu hao pamoja na mawe yao, akawaacha kama alivyowakuta kwa miaka 47 ya ufalme wake. Mahekalu hayo yako katika vijiji hivyo hata leo.

Na tusimame hapa kidogo, wala tusifanye haraka ya kufurahi. Ni wepesi kusema: tazameni jinsi Uislamu ulivyo na rehema kuliko wale waliotutukana kuwa dini yetu ilienea kwa upanga. Ni kweli, na ni haki yetu kuisema. Lakini mwenye kuisema na ajiulize kwanza kama yeye mwenyewe angeliikubali lau angelikuwa mlinzi pale kivukoni. Wale hawakuwa wakimbizi wenye vichwa vitupu. Walikuwa wamechukua masanamu. Na sisi kila siku twawasomea watoto wetu habari za Nabii Ibrahim, alayhi ssalaam, na shoka lake. Ingelikuwaje basi amiri wa Kiislamu aone sanamu lapita mbele ya macho yake, ahai asimame kando alipishe njia?

Wenye kutafuta jibu jepesi husema kuwa zilikuwa ni siasa tu. Sultani alihitaji kodi na alihitaji askari, basi angelifanya nini? Sisi twasema kuwa maslaha yalikuwako, hapana shaka, lakini hayatoshi kueleza. Wareno nao walikuwa wachache zaidi katika Goa kuliko Waislamu katika Bijapur, na walihitaji wakulima na wachukuzi vile vile, na juu ya hayo walivunja. Tena si ila ya haki kwamba imekutana na faida. Mfanya biashara asiyepunja mizani akapata wateja wengi, hatusemi kuwa ule uaminifu wake haukuwa uaminifu.

Jibu lililo la kweli limo katika sharia yenyewe, na hapa yataka tuseme wazi jambo ambalo wengi hulificha. Sisi watu wa pwani tu Mashafii. Na katika madhehebu yetu, iliyo mashuhuri ni kwamba ahadi ya dhima hupewa watu wa Kitabu na Majusi, wala si waabudu masanamu. Ama Imamu Abu Hanifa na Imamu Malik wao waliipanua, wakaona kuwa hata waabudu masanamu wasiokuwa Waarabu waweza kupewa dhima, wakalindwa damu zao na mali zao na ibada zao. Kwa rai hiyo ndivyo Waislamu walivyoishi na watu wa Bara Hindi tangu kufunguliwa Sind katika siku za Muhammad bin Qasim, mwanzoni mwa karne ya 8. Sultani wa Bijapur, akiwa Hanafi, hakuwa amezua kitu. Alikuwa amesimama juu ya rai ya mmoja katika maimamu wanne. Na hata kwetu sisi Mashafii, mtu aliyepewa amani ni haramu kumgusa, na mwenye kuikata amani hiyo ndiye mwenye dhambi. Aya ya 256 ya Suratul Baqara yakataza kumlazimisha mtu katika dini, na aya ya 8 ya Suratul Mumtahana yaturuhusu, bali yatuhimiza, kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu wala kututoa majumbani mwetu. Hakuna popote katika aya hizo palipoandikwa kuwa uadilifu huo hupunguka kwa kadiri ya ubaya wa itikadi ya mtu.

Basi Nabii Ibrahim na shoka lake? Nabii Ibrahim alikuwa kijana mmoja aliyesimama mbele ya watu wake na mbele ya mfalme aliyekuwa na nguvu ya kumtia motoni. Alivunja hali akijua kuwa ataadhibiwa. Mwenye askari na ngome akivunja sanamu la mkulima asiyekuwa na kitu, huyo hafanani na Nabii Ibrahim. Akitaka kujua amefanana na nani katika kisa kile, na atazame ni nani aliyekuwa na askari.

Hadi hapa sisi tuko pamoja na Sultani Ibrahim bila ya kigugumizi. Sasa tuingie katika yale ambayo hatuwezi kuwa pamoja naye.

Sultani huyu alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki. Alitunga kitabu cha nyimbo kwa lugha ya Kidakhni, kikaitwa Kitab-i-Nauras, na mwaka 1599 akaanza kujenga mji mpya jirani na Bijapur akauita Nauraspur kwa jina lilo hilo. Tambura yake aliipa jina, Moti Khan, kama mtu ampavyo mwanawe, na ndovu wake akamwita Atash Khan. Ya tambura na ndovu tuyaache. Linalotuhusu ni kuwa kitabu hicho chafungua kwa kumsifu Saraswati, ambaye kwa Wahindu ni mungu wa kike wa ilimu na sauti, na ndani yake amesifiwa Ganesh vile vile, na huku amesifiwa Mtume wetu, S.A.W., na Sayyid Gesudaraz aliyezikwa Gulbarga. Watu wakamwita Jagadguru, maana yake mwalimu wa ulimwengu. Waandishi wengi wa siku hizi wanapomtaja kuwa alikuwa mvumilivu wa dini, hili ndilo wanalolileta mbele. Kisa cha kivuko cha Zuari hawakitaji, au hukitaja kwa ajili ya mambo mengine.

Kwetu sisi hapo ndipo palipo na kosa la mizani. Kumwachia Muhindu amsifu Saraswati ni kitu kimoja. Kumsifu wewe mwenyewe ni kitu kingine. La kwanza ni haki yake juu yako. La pili si haki yake, wala hakukuomba. Hapana mkulima hata mmoja wa Ponda ambaye hekalu lake lingeanguka kama sultani asingeliimba wimbo ule. Na katika dini yetu, kumwomba au kumtukuza kwa sifa za uungu asiyekuwa Mwenyezi Mungu ni mlango usiofunguliwa kwa ajili ya tungo tamu wala kwa ajili ya kuwapendeza raia.

Wako wanaomtetea kwa kusema kuwa ile ilikuwa ni ada tu ya fani, kwamba nyimbo za Kihindi hazikamiliki bila ya utangulizi wa namna ile, kama mashairi ya Kiarabu yalivyokuwa yakianza kwa kulilia mahame hali mtungaji hana mpenzi aliyehama. Yawezekana. Kaburi lake, liitwalo Ibrahim Rauza, ambalo kazi yake ilisimamiwa na Malik Sandal na ambalo kwanza lilikusudiwa mkewe Taj Sultan, limechorwa aya na maneno ya dini katika kuta zake, na madirisha yake yamechongwa katika jiwe kwa herufi, hata nuru ya jua huingia ndani kupitia katika maandishi. Mtu aliyeyaacha yale yawe juu ya kichwa chake mpaka Kiyama hatuwezi kumtoa katika Uislamu kwa wimbo. Ya moyoni mwake ayajua aliyemwumba. Sisi twahukumu dhahiri ya kitendo, na kitendo twasema hakifai.

Na kabla hatujaendelea, tuwageukie wale ndugu zetu ambao kwa maneno haya wamekwisha kunyanyua mikono wakisema, astaghfirullah, sultani gani huyu! Katika hao wamo ambao kasida zao wenyewe haziishi bila ya kumwita walii aliyelala kaburini awaletee mvua na awaondolee maradhi. Wamo wanaofunga vitambaa makaburini na kuweka nadhiri. Ikiwa Ibrahim ana lawama kwa kumtaja Saraswati katika beti, basi mwenye kumtaka maiti haja zake, naye si mfalme wala hana raia wa kuwapendeza, atatafuta udhuru gani?

Katika zama zile zile hawakukosekana wanavyuoni walioyakataa mambo ya Bijapur. Mmoja wao ni Sheikh Sibghatullah, asili yake mji wa Bharuch katika Gujarat, mtu wa tarika na mwenye ilimu pana. Hakuridhika na pombe iliyouzwa mjini wala na mambo mengine aliyoyaona, na hakunyamaza. Mwisho wa habari yake aliondoka akenda kukaa Madina, na huko akafariki mwaka 1606. Mwanafunzi wake Ahmad al-Shinnawi alikuwa mwalimu wa al-Qushashi, na al-Qushashi alikuwa mwalimu wa Ibrahim al-Kurani, na hao ni majina ambayo mwenye kusoma isnadi za watu wa Haramayn hawezi kuyakosa. Sisi twampenda Sheikh Sibghatullah. Lakini twaona pia kuwa katika malalamiko yake yalikuwamo ya kuwataka Mashia waondolewe, na hapo tungelimwambia kwa adabu kuwa pombe na jirani si kitu kimoja. Mwenye kutengeneza mji yampasa ajue kupambanua kati ya munkari uliokatazwa na mtu asiyekubaliana naye. Ama sultani, aliyewavumilia wenye kuabudu mawe, alishindwa kumweka mjini mwake mtu wa dini yake aliyemwambia neno chungu, na hilo nalo ni sehemu ya habari zake.

Vile vile uvumilivu wake haukuwafikia wafalme wenzake. Mwaka 1619 aliuchukua ufalme wa Bidar, nao ulikuwa wa Waislamu, akaufuta. Na mwaka 1624 majeshi yake, yakiwa upande wa Wamoghuli, yalivunjwa na Malik Ambar huko Bhatvadi. Malik Ambar akasonga mbele akauharibu ule mji wa Nauraspur na majumba yake ya nyimbo. Waislamu juu ya Waislamu. Waandishi wanaotaka kuionyesha Deccan kama uwanja wa vita vya dini mbili hawana budi kuzipita kurasa hizo kwa kufumba macho.

Sasa tuje kwetu, wala hatuji kwa kuvuta vuta, kwani Goa ile ile ndiyo iliyotawala Mombasa. Mwaka 1593, Ibrahim akiwa sultani, Wareno walianza kujenga hapa ile ngome tunayoipita kila siku. Mwaka 1614 mfalme Hasan bin Ahmad, aliyekuwa amegombana na kapiteni wao, aliuawa bara alikokimbilia. Mwanawe mdogo, Yusuf, akachukuliwa Goa akatiwa mikononi mwa mapadri, akabatizwa, akapewa jina la Jerónimo. Basi fikirini: upande huu wa mto, mtoto wa Kiislamu kutoka Mombasa afundishwa kuikana dini ya babaye, upande wa pili wa mto, katika nchi ya sultani wa Kiislamu, Muhindu awasha taa yake mbele ya jiwe lake wala hapana amwulizaye. Mambo hayo mawili yalikuwa katika miaka ile ile.

Yusuf alirudishwa Mombasa kuwa mfalme chini ya Wareno, na mwezi wa Agosti 1631 akawageukia. Alimuua kapiteni, akaishika ngome, akautangaza Uislamu wake. Sisi watu wa hapa twamhesabu kuwa shujaa, na kwa kuikataa dini aliyotiwa kwa nguvu hatumlaumu hata chembe. Lakini habari haziishii hapo. Wareno waliokuwa mjini pamoja na Waafrika waliokuwa wamebatizwa, wanaume kwa wanawake, waliwekwa mbele ya mambo mawili, wasilimu au wafe, na wengi wakauawa. Hili hutajwa kwa sauti ndogo au halitajwi kabisa. Sisi twalitaja kwa sababu aya ya 256 ya Suratul Baqara haikushuka kwa ajili ya Wareno peke yao. Hasira yake twaifahamu. Mtoto aliyeuliwa baba na kunyang'anywa jina hatazamiwi kuwa mpole. Lakini kuifahamu hasira si kuifanya sharia. Alichofanyiwa Goa ndicho alichowafanyia wengine Mombasa, tena katika waliouawa walikuwamo ambao nguvu yao ilikuwa ndogo kuliko yake. Mwaka uliofuata aliuacha mji, akawa ni mtu wa baharini mpaka alipofariki kando ya Bahari ya Sham mnamo mwaka 1638.

Mtu atauliza, hivi mkitwambia tusilazimishe wala tusishiriki, mstari wenyewe uko wapi? Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipoingia Baitul Muqaddas, na wakati wa sala ukamkuta katika kanisa lao kubwa, alitoka akaswali nje. Sababu aliyoitaja ni kuwa alichelea Waislamu watakaokuja baadaye wasije wakalitwaa kanisa kwa kusema, hapa aliswali Umar. Alikataa kuingiza ibada yake mle ndani kwa ajili ya kulinda ibada ya wenyewe. Sultani Ibrahim alikwenda nusu ya njia hiyo kwa unyofu, kisha akakata kona.

Kwetu Kenya hali imegeuka, sisi ndio wachache. Tulipodai mahakama za Kadhi zibaki katika Katiba ya mwaka 2010, wako waliopinga, nasi tuliwaambia kuwa kutuachia sharia yetu ya ndoa na mirathi hakuwafanyi wao kuwa Waislamu. Ilikuwa ni hoja sahihi, nayo ndiyo hoja ya mkulima wa Ponda. Basi Muislamu mwenye nyumba za kupangisha anayemrudisha mpangaji kwa sababu ya dini yake, au tajiri wa duka anayemnyima karani wake wa Kibaniani ruhusa ya siku yake kuu, na atueleze anaishika hoja hiyo kwa mkono gani. Jirani asiyekuwa Muislamu akifiwa, kwenda kumpa pole na kumsaidia kwa mali ni wema ulioruhusiwa. Kusimama katika sala yao na kuitikia dua zao sicho. Akikuletea chakula cha halali kwa sikukuu yake, maulamaa wameuzungumza, na rai yetu ni kuwa kukipokea kwa ajili ya ujirani si kuitukuza sikukuu.

Limebaki jambo la mihadhara. Kuna vijana wetu ambao husimama katika viwanja na vipaza sauti, wakaisoma Biblia ili kuichekesha hadhara, wakayataja yale wanayoyatukuza wenzetu kwa maneno ya kejeli, na watu wakapiga takbiri. Aya ya 108 ya Suratul An'am yatukataza kuwatukana wale wanaoombwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ya ilimu. Na hao waliokusudiwa katika aya walikuwa ni masanamu ya Makureishi, si kanisa wala Biblia. Tumekwisha kuwasikia baadhi ya vijana hao wakijitetea kuwa wao hawavunji kitu cha mtu, wasema tu. Ndiyo, na Wareno nao kabla ya kufika katika mahekalu walianza kwa mahubiri.